Sikuwa Kwenye Maombi



Leo sina mahubiri. Nina ungamo. Mama ninayemzungumzia hapa amenipa ruhusa ya kusimulia, mradi nisimtaje jina.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, ofisini kwetu kanisani hapa Kisii. Mama huyu ni mjane, alikuwa ametoka upande wa Nyamira, amebadilisha matatu mara mbili ili kunifikia. Miezi mitatu kabla ya siku hiyo alikuwa amemzika kijana wake. Akaketi, akaweka mkoba magotini, akaanza kunieleza jinsi usiku wake unavyokuwa tangu mazishi.

Nikalala.

Si kule kusinzia kidogo ambako mtu hujifanya anatafakari. Nililala kidevu kikiwa kifuani. Niliposhtuka, mama alikuwa amenyamaza, ananitazama kwa upole. Akaniambia, "Pole sana, Pastor. Najua nyinyi watumishi mnatuombea usiku kucha." Akanyanyuka, akaniachia chana ya ndizi mbivu juu ya meza, akaenda stendi kutafuta gari la kurudi.

Wapendwa, sikuwa kwenye maombi.

Usiku ule nilianza vizuri. Mnajua tuna ndugu zetu wengi kule Minnesota, Marekani. Mtu akitoka kazini kule saa kumi na moja jioni, hapa kwetu ni saa saba ya usiku, na wakati wa baridi yao ni saa nane. Basi ndugu mmoja alinipigia, tukaomba pamoja kama dakika kumi na tano. Hayo yalikuwa maombi ya kweli. Kisha nikasema niangalie kidogo tu nani amesoma ujumbe wa asubuhi. Nikasoma maoni. Mmoja alikuwa amenipinga, nikamjibu. Nikangoja ajibu. Nikafungua ukurasa wa mchungaji mwingine nione yeye amepata wangapi. Kutoka hapo nikaingia kwenye video za watu wanaogombania shamba, mbuzi anayecheza, mwanasiasa anayetukana mwenzake. Nilipoangalia saa ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, na Mama mchungaji amegeukia ukuta ili mwanga usimchome machoni.

Kumbe yule mama alikuwa amenihesabia haki kwa kesha ambalo sikulifanya. Ningenyamaza, ningekula zile ndizi kama malipo ya uongo. Zilikaa mezani siku mbili. Nilishindwa kuzila.

Sisi watu wa maombi tuna hatari yetu hapa. Tunaheshimu kesha, na ni haki kuliheshimu. Bwana mwenyewe, kabla ya kuwachagua wale kumi na wawili, alikwenda mlimani akaomba usiku kucha. Lakini kwa sababu hiyo, macho mekundu ya Jumapili hayaulizwi maswali kanisani. Mtu akipiga miayo, tunadhani ametoka vitani. Shetani hahitaji kukuzuia kukesha. Anaweza kukuachia ukeshe, mradi asubuhi uwe huna nguvu ya kumsikiliza mjane.

Katika Matendo 20 kuna kijana Eutiko aliyelala dirishani kule Troa wakati Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Nimewahubiria vijana habari hiyo mara nyingi, nikiwaonya wasilale ibadani. Siku ile aliyelala alikuwa mhubiri, na aliyeanguka ni mimi.

Nikaanza kusoma kidogo kuhusu jambo hili. Mungu ameweka saa ndani ya kichwa cha mwanadamu, sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu kidogo ya mahali mishipa ya macho miwili inapokutana. Macho yakiona giza, saa hiyo huuambia mwili uachilie kemikali iitwayo melatonini, na mwili unajiandaa kulala. Mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa ya mwili inavyofanya kazi. Waliichunguza kwa kutumia vile vijinzi vidogo tunavyoviona juu ya ndizi zilizoiva sana. Nilipofika hapo nikazitazama zile ndizi za mama, nikacheka peke yangu, kisha nikahuzunika.

Hapa kwetu tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima giza linaingia mnamo saa moja usiku. Mababu zetu hawakuhitaji kuambiwa wakati wa kulala. Sisi sasa tunashika kataa ya moto ya karne hii, sentimita thelathini kutoka usoni, kisha tunashangaa usingizi umekwenda wapi.

Hata hivyo nisiwadanganye kwa kutia chumvi. Mwaka 2014, watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's, Boston, walichapisha jaribio la watu 12. Kwa muda wa saa nne kabla ya kulala, walisoma kitabu cha karatasi siku kadhaa, na siku nyingine wakasoma kwenye kioo kinachowaka. Waliosoma kwenye kioo melatonini yao ilichelewa kwa saa moja na nusu, na asubuhi walikuwa wazito zaidi. Lakini kupata usingizi kulichelewa kwa karibu dakika 10 tu.

Dakika 10 si nyingi. Lakini kumbukeni, wale walikuwa wanasoma vitabu vitulivu. Wewe saa sita usiku unasoma nini? Ujumbe wa mkopo uliopitisha tarehe. Matokeo ya mechi uliyoweka pesa. Status ya mtu aliyekuacha. Ugomvi wa kikundi cha familia kuhusu michango ya mazishi. Mwanga unaugusa ubongo kidogo, lakini maneno yale yanaamsha moyo mzima. Kijana mmoja aliniambia bando ya usiku ni rahisi. Ni rahisi kwa shilingi, mwanangu. Bei nyingine unailipa asubuhi darasani, au ukiwa juu ya pikipiki barabara ya Keroka.

Alhamisi nikapanda matatu, nikaenda Nyamira. Nilimkuta yule mama amerudi kuuza majani chai. Nikamwambia ukweli wote, hata habari ya mbuzi. Nilidhani atakasirika. Alicheka kidogo, halafu akalia. Akaniambia kile alichokuwa amekuja kunieleza siku ile nikalala.

Anaihifadhi simu ya marehemu kijana wake. Kila jioni anaiweka kwenye charja. Watu wakishalala, anaifungua, anasikiliza sauti alizokuwa akituma: "Mama, nimefika salama." "Mama, umekula?" Anarudia mpaka jogoo anawika.

Ningemwambia nini? Kwamba melatonini yake inachelewa?

Niliketi tu. Safari hii niliamka kabisa, nikasikiliza mpaka alipomaliza. Kisha nikamkumbusha habari ya Eliya, 1 Wafalme 19. Alipochoka mpaka akaomba afe, Mungu hakumkemea kwanza wala kumpa huduma mpya. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena. Mazungumzo makubwa yalikuja baadaye mlimani. Na Zaburi ya 127 inahesabu usingizi kuwa zawadi kwa wale anaowapenda.

Tulikubaliana hivi. Sauti zile hazitafutwa. Mjukuu wake amezihifadhi mahali pengine zisipotee. Mama anazisikiliza mchana, baada ya chakula, na mtu akiwa karibu naye. Usiku simu inalala kabatini, na mjukuu analala chumba kimoja na nyanya yake. Bado hajalala vizuri kila siku. Lakini juzi aliniambia amelala mpaka akasikia watu wakipita kwenda kuchuma chai.

Nyumbani kwangu nimenunua saa ya mezani pale sokoni Daraja Mbili, inayopiga kengele, ili nisiwe na kisingizio cha kulala na simu. Saa nne usiku simu yangu inabaki sebuleni, sauti imefunguliwa, kwa sababu mchungaji lazima apatikane mtu akifiwa au akiugua. Inilazimu kuamka na kutembea kuipokea, na sijaona mtu anayetembea sebuleni kwenda kutazama mbuzi. Ndugu wa Minnesota nimewaomba tuombe wakiamka. Saa kumi na mbili asubuhi kwao ni saa nane au tisa mchana kwetu, na sauti yangu ina nguvu.

Wazazi, wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na mtu mzima saa 7 au zaidi. Msichukue simu za watoto huku zenu ziko chini ya mto. Simu zote zilale pamoja sebuleni, ya baba ikiwa ya kwanza.

Sisi Abagusii tukiamkiana tunasema, "Bwakire buya?" Tunaulizana kama kumepambazuka vyema. Naomba kesho ukiulizwa uweze kujibu bila kudanganya.

Baba, tusamehe kwa makesha tuliyosifiwa na hatukuyafanya. Wape usingizi waliofiwa. Tufundishe kuzima. Katika jina la Yesu.

Kama unasoma haya baada ya saa nne usiku, usiandike Amina sasa. Weka simu chini, ulale. Amina yako nitaiona asubuhi.