Mgeni Aliyevaa Jezi ya Wenyeji

Wazee wapendao kandanda hawachoki kuhadithia wachezaji mashuhuri waliotoka ng'ambo. Mimi hupendezwa zaidi na habari za Mwingereza Stanley Matthews. Alifika Accra mwaka 1957, mwaka ule ule Ghana ilipojitawala, naye ana umri wa miaka 42. Na mwaka uliotangulia alikuwa ametawazwa mchezaji bora wa Ulaya, wa kwanza kupata heshima hiyo. Aghalabu wageni wa namna yake huja na timu zao, huwafunga wenyeji mabao, kisha huenda zao. Yeye alivaa jezi ya Hearts of Oak, akacheza bega kwa bega na vijana wa Accra. Hebu fikiri, msomaji, kumpa mpira mtu kama yule!

Hata hivyo, kwangu ziara hiyo ni ndogo mbele ya kazi yake ya Soweto, ambayo wasimulizi huipita upesi. Huko aliwafundisha wavulana Waafrika, na mwaka 1975 akawapeleka Brazil kucheza. Walitoka katika nchi ambayo sheria zake ziliwatenga hata na mwalimu wao, wakaenda kukanyaga viwanja vya nchi ya Pelé.