Usafi Wetu Ulivyoua Samaki

Wengi wetu tukisikia kwamba jirani anafuga samaki wa urembo ndani ya nyumba, hudhani hiyo ni anasa ya wenye fedha. Sisi nasi tulidhani hivyo, hadi tangi lenyewe lilipoingia sebuleni mwetu. Leo twapenda kuwasimulia jinsi tulivyowaua samaki kwa nia njema, na jinsi tulivyojifunza kuchagua chujio.

Baba Neema alikuwa dereva wa familia moja ya kigeni hapa Dar es Salaam. Familia ile iliporudi kwao, kazi ikaisha, nao wakamwachia tangi lao la kioo pamoja na samaki wake. Lilikuwa kubwa: urefu sentimita 180, upana 60 na kimo 60, yaani lita 648. Ukiondoa nafasi ya mawe, maji yalikuwa kama lita 600. Ndani yake waliishi samaki zaidi ya hamsini, wa buluu, wa njano na wenye milia.

Samaki hao huitwa mbuna. Asili yao ni Ziwa Nyasa, wanakoishi kwenye miamba. Ni wa jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na sato na perege tunaowakaanga. Jike lao ni mama kweli kweli: hubeba mayai na watoto mdomoni kwa majuma matatu hivi, na siku hizo zote karibu hali kitu. Lakini madume ni wagomvi. Wakiwa wachache tangini, mnyonge mmoja hufukuzwa hadi afe; wakiwa wengi, ugomvi hutawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Ndiyo maana wafugaji huwajaza makusudi. Na samaki wengi maana yake ni uchafu mwingi.

Miezi ile ya kwanza Baba Neema alikuwa amevunjika moyo. Alikaa barazani kutwa nzima, chakula akikigusa tu. Tangi ndilo lililomwamsha asubuhi. Alilisha samaki, akabadili maji, akawafundisha watoto kuwatambua mmoja mmoja. Sisi tulio wauguzi twajua kwamba mtu mwenye huzuni akipata kitu cha kuamkia, amekwisha kuanza kupona.

Jumamosi moja, yeye akiwa msibani Morogoro, tuliona maji hayatembei vizuri. Chujio lilikuwa la nje, kopo kubwa la plastiki lililokaa kabatini chini ya tangi. Mpira mmoja huteremsha maji, yakapita kwenye sponji, na mota huyarudisha juu kwa mpira wa pili. Sisi na binti yetu tulilifungua, tukakuta sponji zimejaa tope la kahawia. Miaka ishirini ya wodini imetufundisha kwamba penye uchafu pana vijidudu. Basi tukaloweka kila kitu kwenye dawa ya klorini, tukasuuza mara tatu, tukajisifu kwa kazi nzuri.

Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakihema. Siku ya tano, kumi na tisa walikuwa wamekufa. Baba Neema aliporudi alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama Neema, mngeniuliza." Hakuongeza neno, akarudi kukaa barazani. Ingekuwa afadhali angegomba.

Mzee mmoja auzaye samaki wa urembo mjini ndiye aliyetueleza kosa letu. Chujio ni figo la tangi. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu, tena katika maji yenye alkali wanayoyapenda mbuna ukali wake huzidi. Ndani ya sponji huishi bakteria wema. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi lingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kama hizo mbili. Nitriti huiharibu damu ya samaki isiweze kubeba oksijeni; ndiyo maana walikuwa wakihema. Lile tope tulilolichukia lilikuwa nyumba ya wafanyakazi, nasi tuliwaua wote siku moja. Kuwapata tena huchukua wiki kadhaa.

Wiki hizo tulibadilisha theluthi ya maji kila siku, maji ya bomba yakiwa yamelazwa kwenye mapipa yaliyo wazi ili klorini itoke. Chakula tulikipunguza sana. Waliobaki wakapona. Lakini mzee yule alituonya kwamba hata bila kosa letu, chujio lile lilikuwa dogo mno.

"Kwenye boksi wameandika lita 2000 kwa saa," Baba Neema alimjibu.

"Nendeni mkapime kwa ndoo, baba," mzee akasema.

Tukapima. Mpira wa kurudishia maji uliijaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 60, yaani lita 1200 kwa saa. Maji ya tangi yalikuwa yakichujwa mara mbili tu kwa saa. Maandishi ya boksi hupimwa chujio likiwa tupu. Ukilijaza sponji, na maji yakapanda hadi juu ya tangi, nguvu hupungua. Tena boksi likisema linafaa tangi la lita 700, hufikiriwa tangi lenye samaki wachache. Kwa mbuna waliojazana, mzee alishauri hesabu ya boksi iwe mara nane hivi ya maji ya tangi: lita 600 mara 8, yaani lita 4800 kwa saa.

Sasa swali likawa, tununue chujio moja kubwa au mawili ya wastani? Fedha hazikuwapo, ila zamu yetu ya upatu ilikuwa imekaribia. Tulikuwa tumekusudia mabati ya jiko, na bei ya machujio ilizidi mshahara wetu wa mwezi. Tulilala na jambo hilo usiku mwingi. Mwishoni tulijiuliza kama mvua ya jikoni inauma kuliko mtu aliyerudi kukaa barazani. Tukamwambia Baba Neema, "Fedha za upatu zikija, twende pamoja mjini." Alinyamaza, kisha akaomba karatasi na kalamu apige hesabu.

Tulichagua mawili, kila moja la lita 2400. Kidole kimoja hakivunji chawa. Moja likiharibika usiku, la pili huwashikilia samaki hadi asubuhi. Na siku ya kusafisha, husafishwa moja tu. Lingine hungoja wiki kadhaa, ili bakteria wasiguswe wote kwa pamoja. Sponji hukamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini humo humo, si ya bomba. Kabla hatujaliondoa chujio la zamani, tuliyaacha yote matatu yafanye kazi pamoja kwa wiki sita, ili mapya yapate bakteria.

Tulipokuwa dukani tulitazama mambo manne. Kwanza, ukubwa wa kopo lenyewe, kwa maana mota yenye nguvu kwenye kopo dogo husukuma maji tu bila kuwapa bakteria makazi. Pili, vibomba vya kufungia maji kwenye mipira, ili kopo litoke bila kumwaga maji sebuleni. Tatu, kama mpira wa mfuniko na pangaboi la mota vinauzwa peke yake hapa hapa mjini. Chujio lisilo na vipuri ni pambo. Nne, umeme. Mota zetu mbili hula wati 70, usiku na mchana, yaani uniti 50 hivi kwa mwezi. Mtu asinunue kabla ya kuliweka hilo kwenye bajeti.

Na umeme ukikatika? Kopo limefungwa, kwa hiyo bakteria huimaliza oksijeni iliyomo na kuanza kufa, na maji ya ndani huoza. Umeme ukirudi, uozo huo wote huingia tangini. Kwa hiyo ukikatika kwa saa nyingi, sisi huchomoa waya, huyafungua makopo na kuyamwaga maji yake, na huziacha sponji zikiwa na unyevu. Pampu ndogo ya hewa ya betri huwapumulisha samaki.

Tulipima tena kwa ndoo: sekunde 45, yaani lita 1600 kila moja. Kwa pamoja ni lita 3200, zaidi ya mara tano kwa saa. Hata hivyo, chujio haliondoi kazi ya mkono. Nitrati hubaki majini, hivyo theluthi ya maji hubadilishwa kila wiki.

Siku hizi mbuna wamezaa, na Baba Neema huuza vifaranga. Kliniki moja ya meno imempa kazi ya kutunza tangi lao. Mabati ya jiko bado hatujayapata, na mvua ikinyesha twatega sufuria. Lakini barazani hakuna mtu anayekaa kutwa. Na kwenye ndoo ya kukamulia sponji ameandika kwa rangi nyekundu: "Mama Neema, klorini marufuku."