Injini ya Mzee Yarudi Mahali Pake

Baba alipostaafu, majirani walimshauri aiuze Datsun 240Z yake iliyolala uani miaka mingi. Mama naye hakuficha la moyoni: karo ya kitinda mimba wetu ilikuwa haijalipwa. Basi wakakubaliana. Injini ikikataa kuwaka, gari liuzwe.

Msomaji, usimcheke mzee. Gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Injini yenyewe ni ya silinda sita, lita 2.4. Ilikuwa imefunguliwa yote na kutiwa ringi na beringi mpya. Fundi aliondoa boneti, akaining'iniza kwa minyororo ikiwa imeunganishwa na giaboksi, akaiinamisha upande wa nyuma na kuishusha taratibu. Baba alishika tochi, mkono ukimtetemeka.

Tulidhani sasa ni kutia ufunguo tu. Fundi akakataa. Alichomoa waya wa koili, akaizungusha kwa stata mpaka geji ikaonyesha oili imepanda.

"Mzee, ikiwaka kavu, beringi zitasagika leo leo," akasema.

Waya uliporudishwa, injini ilikohoa mara mbili, kisha ikanguruma. Mama alitoka jikoni, akasikiliza, akarudi bila neno.

Siku hizi tunaikodisha arusini. Viti ni viwili tu, lakini maharusi nao ni wawili. Karo ya muhula huu imetoka humo.