Kiraka cha libc, siku moja kabla ya testi

Najua nimepotea kitambo, muhula huu unakamua kama nini, na bumu lenyewe limeshaisha. Juzi rafiki yangu mmoja pale bwenini kaniuliza: hivi nyie maticha wa hisabati na kompyuta, huwa mnafanya nini kule maabara mpaka usiku? Nikamwambia nitaandika. Basi leo naandika kisa cha Aprili 2024, nilipokuwa mwaka wa kwanza, najitolea kumsaidia fundi wa maabara yetu. Si kisa cha mapenzi, samahanini. Ni kisa cha kuweka kiraka kwenye maktaba ya mfumo. Wa mapenzi warudi wiki ijayo.

Kwanza neno lenyewe. Ukimwambia mtu wa fasihi "maktaba" anawaza rafu, vumbi, na mkutubi anayekukodolea macho. Kwenye kompyuta maktaba ni faili lenye kazi ndogondogo ambazo programu nyingi zinazihitaji: kufungua faili, kugawa kumbukumbu, kuandika herufi kwenye skrini. Badala ya kila programu kubeba zake, zote zinaazima sehemu moja. Kwenye Linux nyingi kubwa maktaba hiyo inaitwa glibc, na faili lake kuu ni libc.so.6. Andika ldd /bin/ls kwenye lile dirisha jeusi utaiona hapo. Hata amri ya kuorodhesha mafaili haitembei bila hiyo.

(Wale wabishi wa Unix: ndiyo, najua. Unix yenyewe ilizaliwa Bell Labs mwaka 1969 kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na Linux ni ya kufuata nyayo tu, tangu 1991. Lakini kwa hili ninalosimulia, mambo yanaenda kwa kanuni zilezile.)

Kitu kingine kilichonifurahisha kama mwalimu mtarajiwa. Aliyeanza kuiandika glibc ni Roland McGrath, majira ya joto ya 1987. Alipong'atuka 2017 alisema ile miaka 30 ni theluthi mbili ya maisha yake. Fanyeni hesabu: alikuwa na miaka kama 15. Huyo ni mtoto wa Form Two jamani. Nilipokuwa Form Two mimi nilikuwa nagombania dawati lenye miguu minne.

Tuje kwenye kisa. Katikati ya Aprili 2024 ikatangazwa kasoro kwenye glibc, ikapewa namba CVE-2024-2961. Ipo kwenye iconv, ile sehemu inayobadilisha maandishi kutoka mpangilio mmoja wa herufi kwenda mwingine. Kuna mpangilio mmoja wa Kichina unaitwa ISO-2022-CN-EXT. Huo, kabla ya kuandika baadhi ya herufi, unatanguliza alama fupi za kusema "sasa tunahamia kundi hili la herufi". Kuna mahali alama hizo zilikuwa zinaandikwa bila kuangalia kama nafasi imebaki. Ni kama konda anayehesabu abiria vizuri lakini hahesabu mizigo yao: gari limejaa, na bado anasukumia begi ndani. Kilichomwagika nje hakizidi baiti 4. Baiti 4! Lakini jamaa mmoja Mfaransa, Charles Fol, ndiye aliyeigundua, akaonyesha kwamba kupitia PHP baiti hizo zinaweza kumpa mtu uwezo wa kuendesha amri zake kwenye seva ya wenyewe. Na kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo miaka 24. Mimi nimezaliwa 2003. Kasoro ni kaka yangu.

Sasa kwa nini sisi tulihusika? Kwa sababu idara ilikuwa na seva moja, Debian 12, inayoendesha Moodle, na Moodle ni PHP. Humo ndimo mlikuwa na maandalio ya masomo, maswali ya testi, na alama za wanafunzi. Tangazo la Debian la kiraka lilitoka tarehe 23 Aprili, siku ya Jumanne. Alhamisi tarehe 25, saa tatu asubuhi, mwaka wa tatu walikuwa na testi ya mtandaoni, ya mwisho kabla ya UE. Ijumaa ni Muungano, miaka 60, chuo kimefungwa. Kwa hiyo ilibaki Jumatano.

Fundi wetu ni mwanamama mmoja mtulivu sana. Sisi tunamwita Dada, yeye wanafunzi wote wa elimu anatuita "ticha", hata asiyejua kushika chaki. Jumatano jioni mvua ya masika inapiga mabati mpaka hamsikilizani, nikamkuta amesimama mbele ya seva.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba ticha. Njoo uone. Kiraka ninacho. Ninachokiogopa ni hii mashine."

Na alikuwa na haki ya kuogopa. Mara ya mwisho ilipozimwa na kuwashwa, diski moja haikuonekana. Akaizima tena, haikuonekana. Mara ya tatu ndiyo ikakubali, na asubuhi nzima ilikuwa imekwenda. Sasa fikiria hilo litokee usiku wa kuamkia testi ya watu wanaosubiri kuhitimu. Wapo waliokuwa wameshabeba somo hilo tangu mwaka wa pili; wakilikosa tena, wanarudi mwaka mwingine, na ada juu. Upande wa pili, ukiacha mlango wazi usiku huohuo ambao maswali yamekaa humo ndani, na mtu akaingia, testi nzima inafutwa. Watu wanadhani kazi ya fundi ni kubadilisha wino wa printa.

Kukiweka kiraka chenyewe ni dakika chache: apt update, halafu apt install libc6 na vifurushi ndugu zake. Dada aliandika mwenyewe, mimi nilikuwa mtazamaji, maana neno la siri la root hampi mtu. Lakini kabla hajabonyeza alifungua dirisha la pili, nalo akaingia kama root, akaliacha limekaa tu. Nikamuuliza la nini.

"Hii maktaba ikiharibika katikati," akasema, "ls haifanyi kazi, cp haifanyi kazi, na kuingia upya huwezi. Kila kitu kinaitegemea. Dirisha lililokwisha kufunguka linabaki hai kwa sababu maktaba imeshaingia kwenye kumbukumbu."

Hapo akanionyesha kitu ambacho sijakisahau: ukiandika echo * unapata orodha ya mafaili bila ls, kwa sababu echo imo ndani ya ganda lenyewe. Na kuna amri inaitwa sln, toleo la ln lisiloazima maktaba yoyote, limewekwa kwa ajili ya siku hizo mbaya. Mtu aliyeiandika hiyo lazima alishawahi kulia.

Kiraka kikaingia. Nikaandika ldd --version kuangalia: 2.36. Ileile ya kabla! Kidogo nishtuke, lakini ndivyo Debian wanavyofanya. Hawakuletei maktaba mpya nzima yenye mambo mapya, wanachukua marekebisho yale tu na kuyashonea kwenye lile toleo ulilonalo. Namba inayobadilika ni ya kifurushi, ile ndefu ukiandika dpkg -l libc6. Nadhani ndiyo maana neno "kiraka" limekaa sawa kabisa hapa. Suruali ni ileile.

Sasa ndipo utamu ulipo, mnisikilize vizuri. Nilishasoma kwamba baada ya kuweka kiraka kwenye glibc ni lazima uwashe upya mashine, la sivyo hujafanya kitu. Nikamuuliza Dada, sasa itakuwaje? Akaendesha lsof na kuchuja mistari yenye neno DEL. Orodha ikashuka kama foleni ya mwendokasi saa moja asubuhi: hifadhidata, huduma ya wavuti, PHP, kila mmoja ameshika libc.so.6 iliyokwisha kufutwa.

Iliyofutwa, lakini bado inatumika? Ndiyo. Kwenye Unix jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Jina ni kama kadi ya kwenye katalogi. Kiraka kinapowekwa, dpkg haandiki juu ya faili la zamani. Anaandika jipya pembeni, lenye mkia.dpkg-new, kisha analipa jina la zamani kwa mkupuo mmoja. Angeandika juu ya lile la zamani, programu zote zinazolisoma zingeangukia pua. Sasa aliyeazima kitabu cha zamani kabla kadi haijabadilishwa anaendelea kukisoma, na hakipotei mpaka wa mwisho akirudishe. Anayekuja leo anapewa kipya. Mfumo ni wa kistaarabu sana, ila maana yake ni kwamba programu iliyoanza jana bado inaishi na kasoro ya jana.

Kwa hiyo tuwashe upya? Dada akatulia kidogo, akauliza swali ambalo wahadhiri wangu wa mbinu za kufundisha wangelipenda: "Kasoro iko kwenye faili gani hasa?"

Nikarudi kwenye maelezo ya marekebisho. Kumbe haimo ndani ya libc.so.6 yenyewe. Kila mpangilio wa herufi una kifaili chake kwenye folda ya gconv, na hicho hakiingizwi kwenye kumbukumbu mpaka programu ikihitaji. Marekebisho yote yalikuwa kwenye hicho cha ISO-2022-CN-EXT tu. Maana yake, kama mchakato wa PHP haujawahi kuuomba mpangilio huo, basi siku utakapouomba utaenda kwenye diski, na kwenye diski sasa kuna kifaili kipya. Kizima. Hatari ni ule tu ambao ulishakibeba cha zamani.

Hilo linaangalika. Linux inaandika kwenye /proc, faili la maps la kila mchakato, ni mafaili gani umeyabeba. Dada akaandika grep CN-EXT /proc/*/maps, tukasubiri.

Hakuna. Hata mstari mmoja. Nikamwomba arudie, nikidhani jina limekosewa. Akarudia. Hakuna. Na kweli, nani kwenye idara yetu aliwahi kuandika insha kwa mpangilio huo wa Kichina?

Uamuzi ukawa hivi. Saa sita usiku, watu wakiwa wachache ndani, akaiwasha upya PHP peke yake, kazi ya sekunde kadhaa, ili tulale kwa amani. Mashine nzima haikuguswa. Akaandika kwenye daftari la maabara kilichofanyika, saa ngapi, na kwa nini mashine haikuzimwa, akasaini. Mimi nikarudi bwenini na viatu mkononi, maji yamejaa barabara.

Kuna mwenzangu nilimsimulia akasema huko ni kubahatisha, sheria ni sheria, ungewasha tu. Sikubaliani naye. Sheria ya "washa upya kila kitu" ni nzuri kwa mtu asiyeweza kuangalia, na mara nyingi ndiyo sahihi: kasoro ingekuwa ndani ya libc.so.6 yenyewe, kama ile ya GHOST iliyotangazwa Januari 2015 kwenye gethostbyname, usingekuwa na ujanja, ni kuwasha upya huduma zote zinazoitumia. Lakini usiku ule tuliangalia. Kuangalia kunachukua dakika kumi, na mashine yetu ingeweza kuchukua asubuhi nzima.

Alhamisi testi ikaanza saa tatu na ikaisha. Ijumaa ya Muungano, watu wakiangalia gwaride kwenye TV ya kantini, Dada akaja na chupa ya chai akaizima mashine. Diski haikuonekana mara ya kwanza. Wala ya pili. Tulikunywa chai yote. Saa saba mchana ikakubali, tukaendesha lsof tena, DEL za libc zote zimekwisha.

Mwaka wa tatu walilalamika sana wiki iliyofuata, ila ni kuhusu swali la 7, ambalo halikuwemo kwenye mada.

Haya wadau, kengele ya chakula imelia na leo ni wali maharage, foleni hainisubiri. Mwenye swali la lsof anitafute maabara jioni, aje na chaja yake.