Taa ya Matsangoni

Nilimwambia Mzee taa ya oili iliwaka Tezo. Uongo. Iliwaka Matsangoni, na mimi nikaendelea kukanyaga mafuta hadi Kilifi kwa sababu nilikuwa na abiria wanne na hesabu ya siku ilikuwa haijatimia. Nani anataka kuegesha Probox njiani, arudishe nauli?

Kufika nyumbani injini ilikuwa ikigonga kama kinu cha kisamvu. Mzee aliizima, hakusema kitu. Kesho yake tukatandika turubai chini ya mwembe.

Kwenye injini hii ya 1NZ, pampu ya oili imo ndani ya kava la mbele, lile linalofunika cheni ya taimingi, na inazungushwa na shafti kuu yenyewe. Ili uifikie unamwaga oili, unatoa mkanda, kava la juu, puli, sampu, hata mkono unaoshikilia injini, huku jeki na kipande cha ubao vikiibeba kwa chini. Boliti ya puli ilitutoa jasho. Tuliichomekea spana bomba refu ndipo ikakubali. Alama za cheni tulizipaka rangi ya kucha ya dada yangu, ambaye mpaka leo anadai chupa yake.

Sampu ilipotoka nikatamani kukimbia. Chujio la kunyonyea oili lilikuwa limezibwa na nyuzi za silikoni nyekundu, kama tambi. Miezi mitano nyuma sampu ilikuwa ikivuja, na mimi ndiye niliyeirudisha, nikaipaka silikoni kama siagi kwenye mkate, najisifu. Ziada ikabanwa kwa ndani, ikakatikakatika, ikanyonywa. Pampu ikakosa cha kusukuma, ikajila.

Mzee aliuvuta uzi mmoja. "Hii ni yako."

"Ndiyo, Baba."

Akafungua beringi moja, akapitisha ukucha. Ukakwama. Shafti, kwa bahati, bado ilikuwa laini. "Na hii si ya kutoka Tezo."

Nikamwambia Matsangoni.

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika wiki ile, na jiko lake lilikuwa lingojee mabati kabla ya masika. Pesa zikawa pampu, chujio, beringi na gasketi. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Siku ya tatu Mzee alinipa silikoni mimi, akakaa juu ya ndoo kunitazama. "Nyembamba. Uzi wa fundi cherehani." Pampu tuliijaza oili kabla ya kuifunga, maana ikiwa kavu inachelewa kunyonya. Tukachomoa koili za plagi na fyuzi ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka, nikashika ufunguo.

Mara ya kwanza taa ikabaki nyekundu. Tukaipumzisha starta. Mara ya pili, vilevile. Mama akasogea dirishani.

Mara ya tatu ikazimika.

"Usiwashe bado," Mzee akasema, akalala tena chini ya gari na tochi ya simu, akitafuta tone.