Mlima wa Ngomo ulitufundisha kuuliza



Wiki hii tunawaletea habari ya safari yetu ya Uvira, kwani wengi wetu tunapita njia ile kutafuta ndagala na mchele. Tulikuwa wamama wanne, mmoja na mtoto mgongoni, ndani ya gari ndogo ya kukodi. Nyuma tulipakia magunia mawili ya ndagala kavu, mchele na bidoni ya mawese. Pesa yote ilitoka katika mfuko wa chama.

Kutoka Uvira mpaka Kamanyola, njia inafuata bonde la Ruzizi. Tulipita Sange na Luvungi, gari inakimbia vizuri, sisi tunaimba. Kisha Kamanyola, mlima wa Ngomo unaanza. Ziwa Tanganyika liko karibu metre 770 juu ya bahari, na Ziwa Kivu karibu metre 1,460. Kupanda kwingi kuko pale Ngomo, kona juu ya kona, na shimo refu pembeni. Mbele yetu kulikuwa kamio iliyojaa mizigo. Tuliifuata pole pole kama watu wanaosindikiza maiti.

Ndipo mshale wa joto ukafika kwenye alama nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka mbele. Shofere alisimamisha gari, akazima motere, akachukua kitambaa ili afungue kifuniko cha radiatere. Mama mkubwa kati yetu akapiga kelele: « Mwanangu, acha! » Alikuwa na haki. Maji yaliyofungwa mle yanapita joto la maji yanayochemka, na kifuniko kikifunguka yanaruka usoni. Na mama wa mtoto alikuwa amekwisha kusogea kuangalia.

Tulingoja karibu saa nzima. Jua lilikuwa linashuka, na ile si njia ya kulala. Tukamuuliza shofere tena na tena, mwisho akasema kweli: vantilatere ya kupoza radiatere haikuwa inazunguka tangu wiki moja. « Lakini kule bondeni hakuna shida, mama. »

Alisema kweli, na hatari iko pale. Gari ikikimbia, upepo wa njia unapoza radiatere. Ikipanda pole pole ao ikikwama sokoni, upepo unapunguka, na kazi inabaki kwa vantilatere. Ugonjwa ulikuwamo tangu Uvira, lakini njia nzuri iliuficha.

Radiatere ilipopoa kabisa, tuliongeza maji. Shofere alifungulia ndani ya gari hewa ya moto mpaka mwisho, ili joto la motere lipunguke. Tulitoka jasho kama tunapika bugali ya arusi, lakini tulifika Nyangezi, tukisimama kila mara mshale ulipopanda.

Pale fundi alitafuta kwa utaratibu. Kwanza fizibile: ilikuwa nzima. Kisha akachomoa waya wa vantilatere, akaipa moto wa batri moja kwa moja. Ikazunguka, basi haikukufa. Akachukua rele ya honi, iliyo sawasawa na ile ya vantilatere, akaibadilisha. Tuliwasha gari, ilipopata joto, vantilatere ikaanza yenyewe. Rele ndiyo ilikufa, kitu kidogo kama kiberiti. Bei yake haikufika kilo moja ya ndagala.

Hatukumtukana shofere. Aliogopa kupoteza safari, na sisi kwa upande wetu tulisikilizana bei tu, hatukuuliza kitu kingine.

Sasa tumekata shauri katika chama. Mbele ya kupakia mali, tunamwomba shofere aache motere inguruma, gari imesimama, mpaka tusikie vantilatere inaanza. Isipoanza na mshale unapanda, azime, na hatupandi. Fizibile ikiungua, iwekwe ingine ya namba ileile, si kipande cha waya, maana waya inaweza kuleta moto. Na hata motere ikizimwa, vantilatere inaweza kuanza kwa ghafula: tuweke mbali mikono, watoto na ncha za vikwembe vyetu.

Ndagala zilifika Bukavu usiku, na mtoto akalala kwao. Wamama wanaokwenda Uvira juma lijalo, ulizeni mbele ya kulipa.