Haba na Haba Hujaza Kibaba

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii nimeiandika katika insha tangu darasa la nne, lakini maana yake niliiona kwa macho yangu Januari mwaka huu, nyuma ya jikoni kwetu hapa Kabazi, usiku wa giza totoro.

Nianze na nyanya yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana. Jina lake limetokana na kulima, kwa kuwa wazee walikitazama wakajua majira ya shamba. Nyanya anasema alipokuwa msichana alizihesabu nyota sita. Siku hizi ana mtoto wa jicho. Jioni huniuliza, "Mjukuu wangu, Kilimia kimefika wapi?" Nami humshika mkono nikauelekeza juu, ilhali najua haoni kitu.

Habari hii ilimfikia mjomba wangu anayefanya kazi Nairobi. Mjomba alidunduliza pesa muda mrefu hadi akanunua darubini ya kupigia picha za nyota, iliyokwisha kutumika. Alipopiga simu kwamba anakuja nayo, nilitarajia bomba refu kama mzinga wa nyuki. Lo! Alishuka matatu akiwa na mkoba mmoja tu mgongoni. Darubini yenyewe ilikuwa kama rula yangu ya sentimita 30 kwa urefu.

"Mjomba, hii ndiyo yote?" nikamuuliza.

"Usiidharau, mpwa wangu. Hii fupi ndiyo yenye mbio."

Akanieleza, na ninyi wenzangu mnaokimbia Fizikia, sikilizeni kidogo. Lenzi ya darubini ile ina upana wa milimita 60. Urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwa lenzi hadi mahali taswira inapotulia, ni milimita 300. Gawanya 300 kwa 60, upate 5. Darubini ndefu yenye lenzi kama hiyo na fokasi ya 600 itakupa 10. Mwanga ni ule ule, ila katika ile ndefu umetandazwa mahali pakubwa mara nne, kama kijiko kimoja cha siagi kupakwa vipande vinne vya mkate badala ya kimoja. Kwa hivyo ukungu hafifu wa angani ambao ile fupi hunasa kwa dakika mbili, ndefu itauhitaji dakika nane. Tena fupi huona eneo pana, Kilimia chote kikaingia. Ukitaka kukuza pete za Zohali, basi tafuta ndefu.

"Na kwa nini usipige picha huko Nairobi?" nikauliza.

"Taa za mji zimefunika nyota. Darubini husafiri, giza halisafiri."

Nilinyamaza. Miaka yote nimelionea haya giza la kwetu, kumbe mtu anaweza kulipia nauli kulifuata! Wala si mjomba peke yake anayesafiri na darubini. Mkenya mwenzetu Susan Murabana, mmoja wa waanzilishi wa Travelling Telescope, amezunguka nayo shuleni ili wanafunzi watazame anga.

Jua lilipotua tulisimamisha stendi ya miguu mitatu. Jirani alipoiona alikuja mbio akidhani mjomba ni sorovea, akauliza kama shamba limeuzwa! Juu ya stendi palikuwa na mota ya kuifuata nyota, maana anga huonekana kuzunguka digrii 15 kila saa. Mhimili wa mota sharti uelekee kaskazini. Hapa karibu na ikweta Nyota ya Kaskazini iko chini kabisa kwenye upeo, imefichwa na vilima, kwa hivyo mjomba alitumia dira.

Saa mbili usiku kazi ilianza. Tulipanga picha 30 za dakika mbili mbili, kisha kompyuta izipange moja juu ya nyingine. Nyanya aliketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, amejifunika blanketi. Baada ya picha 12 mjomba aliingia ndani kunywa chai, akaniachia ulinzi. "Usiisogelee," akasema.

Nikaisogelea. Nilitaka kuchungulia kompyuta, mguu wangu ukagonga stendi. Niliiona ikitikisika, nikarudi nyuma polepole kama paka aliyemwaga maziwa. Sikusema neno.

Mjomba alirudi, akaketi, tukapiga hadithi. Alipokuja kukagua, picha kumi za mwisho zilikuwa za mistari mitupu, na Kilimia kimehamia pembeni.

"Ni upepo?" akauliza.

Ningeitikia, mambo yakaisha. Lakini nyanya akaita kutoka mlangoni, "Bado?" Sauti yake ilinichoma. Nikakiri yote.

Mjomba hakufoka. Alisema tu, "Ungesema pale pale, tungepoteza picha moja. Umenyamaza, tumepoteza kumi."

Tukaelekeza upya. Tulipata nyingine 12, halafu saa tatu na robo mawingu yakafunga anga. Jumla zikawa 24, dakika 48 za mwanga badala ya 60.

Picha moja peke yake ilikuwa nyeusi yenye vitone. Zilipounganishwa, nyota zikajaa, na kuzizunguka ukatokea ukungu wa buluu, ambao ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zile. Mwanga huo umesafiri takriban miaka 440. Uling'oka huko karibu na wakati Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus, mwaka 1593.

Mjomba akaikuza picha hadi ikajaa kioo cha kompyuta, nami nikaipeleka karibu na uso wa nyanya. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo: moja, mbili, tatu... Alipofika tisa alisita.

"Kumbe hazikuwa sita," akasema.

Wenzangu, picha ile tunayo nyumbani. Kila niitazamapo naona uzuri wake, na naona pia upungufu wa dakika 12 ambao wageni hawaujui. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kimya cha dakika chache pia hukipunguza.